Gundi Isiyoachia

Kitanda cha harusi ya Makorora kilifumuka kabla fungate haijaisha. Hakikuvunjika, na hilo Timotheo alilisisitiza mpaka koo likamkauka: mbao zilikuwa nzima, ndimi zilikaa sawa katika matundu yake, kilichosalimu amri ni gundi. Lakini watu wa Makorora hawakuwa na muda wa kutenganisha mbao na gundi. Walichojua ni kwamba kitanda kimetoka kwa Sherali, kimechongwa na Timotheo, na bwana harusi amelala sakafuni. Kwa siku kadhaa Sherali hakuweza kupita sokoni bila mtu kumuuliza kama siku hizi anauza vitanda au mitego.

Sherali alikuwa na karakana ya samani mjini Tanga. Alikuwa Mwislamu wa asili ya Kihindi, mzaliwa wa pwani kama wazazi wake. Timotheo alikuwa fundi wake mkuu, Msambaa wa pande za Bumbuli, Mlutheri asiyekosa ibada, aliyefundishwa useremala na wamisionari kisha akateremka pwani kwa sababu kule mlimani kila mtu alikwisha kuwa na kiti chake. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya hamsini. Bei ya mkonge ilikuwa imepanda, kila karani alitaka kabati lenye kioo, na karakana haikupata kupumua.

Tatizo lilikuwa masika. Gundi waliyotumia ilitoka Ulaya, vipande vya rangi ya asali vilivyokatwa kama sabuni, na ukivichemsha vinanuka kwato. Huko ilikotoka labda ilifaa. Tanga hewa yenyewe ni mbichi. Mvua ikishika siku nyingi mfululizo, gundi ile ililainika ikarudi kuwa uji, na samani za watu zikaanza kuachana, leo mguu wa meza, kesho mlango wa kabati. Mafundi wengine walipigilia misumari wakaendelea na maisha yao. Timotheo hakuweza. Kwake msumari ulikuwa ni kukiri kushindwa, na tena chumvi ya bahari huula. Tangu kitanda kile alikwisha kujiapiza: atatengeneza gundi isiyoogopa maji.

Haikuwa kazi ya mtu mwenye haya. Alianza na ulimbo wa fenesi, ambao ulishika kila kitu isipokuwa mbao: ulishika vidole, nywele, na kuku mmoja wa jirani. Akaingia kwenye mafuta ya maganda ya korosho. Hayo yalimbabua viganja vikachunika, hata kanisani akawa anafunguliwa kitabu cha nyimbo na mkewe. Kisha akajaribu maziwa yaliyoganda, akayakamua maji na kuyachanganya na chokaa. Haya yalishika kweli. Yalishika vizuri hata akaanza kutembea kifua mbele, mpaka ukungu ukaingia katika maungio na rafu za duka moja la vitambaa zikaota manyoya.

Yote hayo yalipikwa nyumbani kwake Nguvumali, katika sufuria za mkewe Yudith.

"Wenzangu wanalia waume zao wanakunywa," alisema Yudith siku moja, akiitazama sufuria iliyoshikana na mfuniko wake. "Mimi niende nikalie nini? Kwamba wangu anapika?"

"Vumilia kidogo, mama Ernesti. Iko karibu."

"Iko karibu tangu Ernesti hajazaliwa."

Alisema kweli. Ernesti alikuwa amekwisha kuanza shule.

Iliyokuwa karibu ilipatikana machinjioni. Timotheo alikwenda kutafuta mifupa, maana alikuwa amerudi tena kwenye wazo la kuchemsha mifupa, na kwa mtu kama yeye hakuna wazo linalokufa moja kwa moja. Mchinjaji wa pale alikuwa Almas, mtu wa Pangani mwenye sauti kubwa na miguu mifupi, aliyekuwa na desturi ya kumwaga chokaa sakafuni ili kuzuia nzi. Pembeni mwa mfereji, damu na chokaa vilikuwa vimejenga gamba jeusi. Maji yalipita juu yake kila siku iendayo kwa Mungu. Mfagiaji alikuwa akiligonga kwa sururu, naye alilitukana kwa lugha zote alizozijua. Gamba halikubanduka. Kilichobanduka ni saruji ya chini yake.

Timotheo alipiga magoti palepale katika uchafu. Mifupa akaisahau.

Huko Ulaya watu walikuwa wamejua siku nyingi kwamba damu hushika mbao. Lakini hakuna aliyejisumbua kumwarifu fundi wa Nguvumali, na mtu aliyevumbua kitu bila kujua kwamba kimekwisha kuvumbuliwa, jasho lake ni lile lile. Alijifunza mwenyewe kuikoroga damu ingali na moto wake ili isigande, kuichuja nyuzinyuzi, kuitia chokaa kwa kipimo cha kijiko na si cha kiganja. Alijifunza kwamba ukiipaka na kuiacha hivi hivi inakuwa gundi ya kawaida, lakini ukiubana ubao kwenye jiriwa na kupitisha juu yake pasi ya mkaa, damu inaiva kule ndani na haitaki tena kujua habari za maji. Aliunga vipande viwili vya mninga akavitia kwenye ndoo, akaviacha mpaka Yudith alipoidai ndoo yake. Vilikuwa vimeshikana kama vilivyozaliwa pamoja.

Sasa hapa ndipo uungwana wa Timotheo ulipomponza. Palikuwa na shamba la mkonge la Mzungu mmoja, upande wa Muheza, walikochinja nguruwe, na damu ilimwagwa bure, debe kwa debe. Mtu mwingine angechukua. Timotheo alikataa hata kuinusa. Alisema moyoni kwamba mkate wake unatoka kwa Waislamu, vitanda vyake vinalaliwa na Waislamu, basi haitaingia damu ya nguruwe katika nyumba zao hata tone. Alikwenda kwa Almas tu, na kila mara, kabla ya kuteka, alimuuliza kama amechinja kwa bismillahi.

Almas alikuwa ameambiwa kwamba damu ni ya kutilia mbolea migomba, kwa sababu mvumbuzi hatoi siri yake kwa mchinjaji. Alicheka mpaka kisu kikamtikisika.

"Wallahi, Timotheo, migomba yako imesilimu lini?"

"Nijibu tu, ndugu yangu."

"Bismillahi, Allahu akbar, nimechinja kwa kuelekea kibla. Kaiambie."

Timotheo aliondoka na ndoo yake akiwa ameridhika. Alihesabu hivi: mnyama akichinjwa kihalali ni halali, basi na vyote vilivyomo ndani yake ni halali. Ni hesabu safi kabisa kwa mtu aliyekulia mlimani miongoni mwa Walutheri. Yudith, ambaye hakusoma sana lakini alikuwa na majirani Waislamu pande tatu za nyumba, alimwambia amuulize mtu. Akamjibu kwamba hiyo ni siri ya kazi.

Sherali naye hakutaka kuijua. Alipoonyeshwa ubao uliotoka kwenye ndoo aliugeuza, akaupiga kwa ufunguo, akaunusa, kisha akauweka mezani kwa heshima.

"Umetia nini humu, fundi?"

"Nikuambie?"

"La, usiniambie! Mimi mdomo wangu wa biashara. Nikijua leo, kesho wanajua washitiri wote. Kaa nayo."

Basi akakaa nayo. Masika ya mwaka ule hakuna samani ya Sherali iliyofumuka, na ya mwaka uliofuata vile vile. Watu waliacha kuuliza habari za mitego, wakaanza kuulizia "gundi ya Timotheo". Kulikuwa na kiwanda cha mbao bara kidogo ambacho wenyewe walitaka kuanza kutengeneza plaiwudi, na Sherali akawa anazungumza nao. Alimwahidi Timotheo kwamba mambo yakikubali gundi itapikwa kwa mapipa, itatiwa katika mikebe, na juu ya kila mkebe litaandikwa jina la aliyeivumbua. Timotheo hakuwa mtu wa kujisifu, lakini tangu siku hiyo alianza kuisoma mikebe ya watu wengine madukani, ya rangi na ya siagi, kuona majina yameandikwa kwa herufi za namna gani.

Mama yake Sherali, Rehmatbai, alikuwa na kiti chake nyuma ya karakana, karibu na mlango wa uani. Alizaliwa Ushongo, ambako baba yake alikuwa na duka, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko, kitamu, cha kutania. Alimpenda Timotheo kwa sababu, kwa maneno yake, alikuwa mtu pekee katika jengo lile aliyefanya kazi bila kupiga kelele. Kila saa nne alimpelekea chai ya tangawizi kwa mkono wake mwenyewe, ingawa palikuwa na watumishi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kunywa, usinitazame."

Siku moja alimletea chai na neno. Kitanda cha kuoshea maiti cha msikitini kwao kilikuwa kibovu. Kwa kuwa hushinda kikilowana, maungio yalikuwa yameachana, na misumari aliyoitia mtu imeota kutu.

"Alipooshwa shoga yangu Mwanasiti, Mungu amrehemu, wanawake wawili walikaa chini wakikishika miguu," alisema. "Mimi zamu yangu si mbali. Sitaki kushikiwa kitanda. Nina mlango wa nyumba ya baba yangu, mvule mtupu, nimeuleta kutoka Ushongo nyumba ilipobomolewa. Nitengenezee kwa huo. Na kwa gundi yako."

Timotheo hajapata kufanya kazi kama ile, si kabla wala baada. Aliupasua mlango kwa msumeno ukawa mbao nyembamba, akazipanga kwa kukingamana, tabaka juu ya tabaka, akazipaka, akazibana, akapitisha pasi mpaka mkono ukafa ganzi. Uso wa kitanda ukawa bapa moja lisilo na mwanya, limeinama kidogo kuelekea miguuni ili maji yapate njia. Msumari hata mmoja hakutia. Rehmatbai alikuja akaupitishia kiganja, akausukuma kwa nyonga, hautikisiki.

"Haya," alisema, "sasa naweza kufa kwa starehe." Akacheka, na Timotheo akacheka naye.

Alikufa masika yaliyofuata, kwa homa ya siku chache, akazikwa siku ile ile kabla ya alasiri, mvua ikinyesha.

Timotheo alikwenda kutoa mkono wa pole. Alivaa koti lake la kanisani, akakaa barazani kwenye mkeka pamoja na wanaume wengine, wengi wao jamaa zake Sherali. Alikuwa na huzuni ya kweli, ile inayomfanya mtu atafute la kusema. Sherali alitoka ndani, macho mekundu, akaja akakaa karibu naye kuliko alivyokaa karibu na jamaa zake.

"Wanawake wamesema hakikutikisika," Sherali alimwambia. "Wamesema alilala pale kama kitandani kwake. Ahsante, Timotheo. Sijui nitakulipa nini."

Mtu mwenye akili ya kawaida angeitikia "Amina" akanyamaza. Lakini Timotheo alimwona mwenzake ameumia, naye alikuwa na zawadi moja tu ya kumpa, zawadi aliyoitunza kwa miaka. Akaona leo ndiyo siku yake.

"Na uwe na amani moyoni, Bwana Sherali," alisema, na hakusema kwa kunong'ona. "Nilikuwa mwangalifu sana. Damu yote niliyotia mle ni ya ng'ombe waliochinjwa kwa bismillahi. Ya nguruwe hata tone. Kila mara nilimuuliza Almas."

Mazungumzo ya barazani yalikatika. Timotheo alidhani wamestaajabia uangalifu wake.

"Damu gani?" aliuliza Sherali.

"Ya gundi."

Sauti ya Sherali ilikuwa ya chini, karibu ya upole, kama mtu anayemweleza mtoto.

"Timotheo, tunamchinja mnyama ili damu imtoke. Damu ikishamwagika ni najisi, hata angechinjwa na nani. Haiingii chunguni, haiingii nguoni, ukiwa nayo huswali. Tunaitoa. Wewe umeirudisha."

Akainuka akaingia ndani. Jamaa zake hawakumtukana Timotheo wala hawakumfukuza. Walisogea kidogo tu kwenye mkeka, kila mmoja akivuta kanzu yake, na hilo lilimuuma kuliko matusi. Alirudi Nguvumali kwa miguu, na koti likiwa limelowa chapachapa. Yudith alipomtazama usoni hakumkumbusha kwamba alimwambia amuulize mtu. Alimpokea koti akamwekea maji ya moto.

Mwalimu wa msikiti aliulizwa. Alikuwa mtu wa taratibu, akafungua vitabu vyake, akasema marehemu hana kosa wala waliomwosha hawana kosa, maana hawakujua, na maji yalikuwa mengi. Kuosha kwake kumetimia. Kitanda lakini kitolewe. Kuhusu samani za majumbani, kila mtu aliamua kivyake. Wengine walirudisha meza za kusomea. Vitanda havikurudi hata kimoja, na nadhani Tanga ililala juu ya gundi ile kwa miaka mingi bila kuota ndoto mbaya. Lakini mazungumzo na kiwanda yalikwisha. Sherali hakuyavunja kwa hasira. Hakwenda tena kwenye kikao, basi.

Baada ya arubaini kitanda kililetwa karakana kwa mkokoteni. Sherali aliwaruhusu mafundi wengine waende nyumbani mapema, akafunga mlango wa mbele.

"Nimemuuliza mwalimu," alisema. "Mbao zikitenganishwa, gundi ikakwanguliwa yote, zikaoshwa, zitakuwa safi. Ni mlango wa babu yangu huu. Ni kitu pekee mama alichokitoa Ushongo. Sitaki kuuchoma. Uachanishe, Timotheo. Uweke tabaka mbali na tabaka, nikaweke mlango wangu mahali."

Timotheo alitaka kufanya hivyo kuliko alivyopata kutaka jambo lolote. Alijua kwamba Sherali anampa njia ya kurudi, na kwamba hatapewa ya pili. Alikilaza kitanda juu ya benchi. Alimwagia ukingo wake maji yanayochemka, akangoja, akamwagia tena. Akaufunika kwa magunia yaliyolowa. Kisha akachukua patasi pana, akaiweka kwenye mstari wa gundi, mstari mwembamba mweusi ambao mtu asiyejua asingeuona, akaigonga kwa nyundo ya mti, taratibu, kwa mkono wa mtu anayefungua kitu cha wenyewe.

Patasi iliingia. Kukasikika mlio mkavu, na ubao ukafunguka urefu wa mkono.

Timotheo aliinama kutazama. Haukufunguka kwenye gundi. Mvule wenyewe ndio uliochanika, mvule wa miaka mingi, mgumu, uliokataa mchwa na chumvi. Ulichanika katikati ya nyama yake, na mstari mweusi ulikuwa palepale, umeshikilia nyuzi za ubao pande zote mbili. Maji ya moto hayakuufanya lolote. Alipitisha kidole. Hapakuwa na hata ufa wa kupitisha unywele. Kwa miaka yote ya kupika na kubabuka, hakuwa amewahi kuijaribu gundi yake hivi, na hakuna fundi ambaye angethubutu kuomba zaidi ya hivi.

Alipoinua uso, Sherali alikuwa akimtazama. Si ubao aliokuwa akiutazama, bali uso wake.

"Umefurahi," Sherali alisema.

Timotheo alitaka kukana. Alihisi tabasamu bado limo midomoni, akaona aibu iliyomchoma mpaka masikioni, lakini hakuwa mwongo.

"Ndiyo," alisema. "Nisamehe."

"Unaupasua mlango wa mama yangu, na umefurahi."

"Ndiyo, Bwana Sherali."

Sherali alinyoosha mkono akaichukua nyundo. Hakuichukua kwa nguvu. Aliuliza kama hakuna dawa yoyote ya kuiachisha gundi ile, na Timotheo akajibu kwamba hakuwahi kuitafuta; miaka yote alitafuta ya kushika, ya kuachia hata siku moja haikumpitia akilini.

"Nenda nyumbani, fundi," alisema Sherali. "Vyombo vyako nitakuletea."

Timotheo alijua maana yake. Alipitia mlango wa uani, kando ya kile kiti ambacho hakuna aliyekuwa na moyo wa kukiondoa, akashika njia ya Nguvumali. Alimlilia Rehmatbai waziwazi barabarani, na watu walimpisha. Alilia kwa uchungu wa kweli, na katikati ya kilio kile kile akili yake ilikuwa imekwisha kuanza kuuliza, bila ruhusa yake, kama siki ya nazi ikichemshwa ingeweza kuiachisha.